Malaria Niliyoiandika kwa Mkono Wangu

Nkatha, mama,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga kina Halima, na najua hutarudi kabla ya magharibi, kwa sababu mji huu haukubali mtu aage nyumba moja bila kunyweshwa chai katika nyumba tatu. Mama yako yuko uani, analifunga sanduku lako kwa kamba ingawa kufuli lake ni zima. Mimi nimebaki mezani na fomu uliyoniachia.

Umeijaza kwa penseli. Palipoulizwa kama nina kisukari umeandika Hapana. Shinikizo la damu, Hapana. Kama nimewahi kuvuta sigara au kutafuna miraa, Hapana na Hapana. Ukaniambia, "Baba, wewe pitisha kalamu juu ya maandishi yangu, halafu weka sahihi. Mama ataweka yake baada yako. Wazazi wanaingizwa kwenye bima ya kazini siku ya kuripoti tu. Siku hiyo ikipita, basi." Kisha ukaenda mbio, kama mtu aliyetua kaa la moto na hataki kuulizwa amelitoa jiko gani.

Sikukasirika. Nikitia sahihi, dawa zangu, na mguu wangu, na macho yangu ambayo siku hizi yanaiona sura yako kama iliyo ndani ya maji, vyote vitapata wa kuvilipia. Nikiandika ukweli, huenda wakanikataa, nami nitabaki na foleni yangu ya hospitali ninayoijua. Basi lako la Thika linaondoka alfajiri, na fomu lazima iwe mkobani mwako. Hilo ndilo nililo nalo mbele yangu. Lakini unakwenda kuketi katika ofisi ya wafanyakazi wa kiwanda, kwenye kiti cha aina ile ile niliyoikalia miaka ishirini na minane, na kuna jambo nililofanya nikiwa juu ya kiti hicho ambalo hujapata kulisikia kwangu. Nataka ulisikie kabla hujaondoka.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango wala za kutoshika simu barabarani. Mama yako amekwisha kukueleza hayo mara nne tangu Jumatatu.

Nilikuja Garissa kwa miaka miwili. Ndivyo barua ya ajira ilivyosema, na ndivyo nilivyomwambia bibi yako, yule unayebeba jina lake, siku aliponisindikiza kituoni kule Maua. Alinipa kitita cha miraa kilichofungwa kwa jani la mgomba. "Wape wazee wa huko," alisema, "wajue kuwa umetoka kwa watu." Kwetu hivyo ndivyo mtu anavyobisha hodi. Kitita kikipokewa, nawe umepokewa.

Kampuni ilikuwa na malori ya kupeleka maji upande wa Balambala na upande wa Dadaab, na mimi nilikuwa karani wa wafanyakazi: madereva, mafundi, walinzi na wapishi wawili. Dereva mkubwa wao kwa umri aliitwa Dubow, mtu mrefu mwenye ndevu zilizopakwa hina. Nilimkabidhi kitita changu. Alikinusa, akachomoa kijiti kimoja, akakitazama kwenye jua, akawaambia wenzake kwa Kisomali jambo lililowachekesha. Kisha akanigeukia.

"Karani, nimewaambia hii mtu si ya ofisi. Hii ni mtu yetu."

Nkatha, nilikuwa kitinda mimba. Nyumbani hakuna aliyewahi kuniuliza kitu. Hapa wanaume wenye ngamia na wajukuu walianza kunisubiri, kila gari la miraa lilipoingia mchana likipiga honi, ili mimi Mmeru niseme mzigo umekatwa jana au umekatwa juzi. Nilijua kusema, na nilipenda kuulizwa. Ukitaka kujua mtego wangu ulianzia wapi, ulianzia hapo, kwenye utamu wa kuulizwa.

Kazi ilipopungua, mikeka ilitandikwa kwenye kivuli cha malori. Palikuwa na miraa, sigara, soda, na chai nyeusi yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Chakula hakikuliwa, maana miraa hufukuza njaa, na usingizi haukuja hadi saa ya kuingia kazini asubuhi. Babu yangu alitafuna maisha yake yote, lakini alitafuna vijiti vichache, akiwa ameshiba viazi vikuu na ametoka kulima. Sisi tulitafuna baada ya kukaa siku nzima, wao nyuma ya usukani, mimi nyuma ya meza.

Asubuhi ya kwanza ya mtu kuniomba ruhusa ilikuwa ya Dubow mwenyewe. Alikuja akashika kizingiti cha ofisi kwa mikono miwili.

"Karani, leo siwezi barabara."

"Unaumwa nini?"

"Siumwi. Jana nilikula miraa ya watu mbili."

"Basi kwenye daftari niandike nini?"

Akafikiri kidogo. "Andika malaria, walaal, ndugu yangu. Malaria haina mwenyewe."

Nilicheka, nikaandika. Ilikuwa rahisi kama kumwazima mtu kiberiti. Niliandika pia kijikaratasi cha kumpeleka zahanati tuliyokuwa na mkataba nayo, na kwenye nafasi ya malalamiko ya mgonjwa nikajaza lile lile neno. Daktari alikuwa na watu arobaini kwenye benchi, alinakili tu nilichoandika. Ndivyo utaratibu wetu ulivyokuwa: ugonjwa ulianzia kwenye kalamu yangu, ndipo ukaenda kwa daktari.

Habari ilienea. Fundi Mutua, aliyekuwa akinywa bia kwa kificho siku ya mshahara, alianza kupata malaria kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Mlinzi mmoja aliipata kila timu yake ya mpira ilipocheza usiku. Malaria yetu haikuwa na kabila wala dini. Dubow alikuwa akisema kwa sauti ili nisikie dirishani, "Wameru wanauza, sisi tunakula, Karani anaandika. Kila mtu na kazi yake."

Nami nilijiona mtu mwema. Kumbuka hilo. Sikuandika kwa woga wala kwa kupewa kitu. Niliandika kwa sababu nilikuwa mgeni, na watu hawa walinifanya nisiwe mgeni, na hiyo ndiyo zawadi niliyokuwa nayo ya kuwarudishia.

Mwaka mmoja wa ukame, ambao hata mto Tana ulionyesha mbavu zake, mkubwa mmoja alikuja kutoka makao makuu ya Nairobi na nakala ya daftari langu mkononi. Alitaka kuonyeshwa maji yaliyotuama. Tulimzungusha yadi nzima. Hapakuwa na dimbwi isipokuwa doa la unyevu chini ya bomba la lori, na hilo lilikauka tukilitazama. Hakuwa mjinga yule mtu. Aliniita pembeni akasema polepole, "Karani, una hakika na ulichoandika?"

Nikasema nina hakika.

Mwezi uliofuata vikaja vyandarua, kimoja kwa kila mfanyakazi, na mtu wa kupuliza dawa ya mbu ambaye alikohoa wiki nzima. Mbuzi wengi wa mtaa wetu mwaka ule walilala ndani ya uzio wa chandarua cha kampuni. Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote.

Nimeifikiria mara nyingi ile fedha ya vyandarua. Kampuni ilikuwa tayari kututendea jambo, na sisi tulilielekeza kwenye ugonjwa usiokuwapo. Kama daftari lingesema ukweli, pengine mtu angeuliza kwa nini madereva wanalipwa kwa safari na si kwa siku, hata mtu anakesha akitafuna ili apate safari mbili. Pengine tungepikiwa chakula cha mchana. Pengine angeletwa mtu wa kutupima damu pale pale yadini. Pengine wangewafukuza nusu yetu pia, sitakudanganya. Hatukujua na hatutajua, kwa sababu nilisema nina hakika.

Kampuni ya bima haikucheka. Ilitazama siku tulizokosa kazini na dawa tulizonunuliwa, ikasema tawi la Garissa linaumwa kuliko matawi mengine yote, ikapandisha michango. Mwaka uliofuata ikapandisha tena. Makao makuu yakapunguza siku za ugonjwa zenye malipo, kisha yakaziondoa familia kwenye bima. Wewe ulikuwa darasa la nne, mwaka ule sikio lako lilipokuwa likitoa usaha na mama yako akauza cherehani. Uliniuliza tukiwa kwenye benchi la hospitali kwa nini kampuni haitulipii tena. Nikakujibu kwamba kampuni ina roho mbaya. Haikuwa na roho nzuri, lakini sehemu ya ubaya ule ilikuwa na mwandiko wangu.

Sasa nikueleze habari za Dubow, kwa kuwa umezoea kumwona amekaa kwenye mkeka wake, mkono mmoja umelala mapajani, na umekuwa ukimwita adeer, ami, bila kujua yaliyomfikisha pale.

Asubuhi moja alikuja ameshika kichwa. Hakufanya mzaha wa kawaida. "Karani," alisema, "leo kichwa ni ya kweli."

Nilifungua daftari. Siku zake za ugonjwa za mwaka zilikuwa zimekwisha. Nilizipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, malaria, malaria, malaria, na kila moja niliikumbuka ilivyokuja. Nikamwambia, "Dubow, huna siku iliyobaki. Ukikaa nyumbani leo hulipwi."

"Malaria imekula zote?"

"Imekula zote."

Akacheka kidogo kwa pua, akachukua ufunguo wa lori ukutani.

Niliweza kuuzuia ufunguo ule. Ulikuwa upande wangu wa meza. Ningeweza kuandika barua kwa Nairobi kwamba siku zile zote ni uongo wangu, na kwamba mtu huyu leo anaumwa kweli. Lakini anayetaka kuaminiwa siku moja lazima akiri siku nyingine zote, na mimi sikuwa tayari. Kwenye barabara ya Dadaab nusu ya mwili wake ilimfia. Aliweza kuliingiza lori mchangani na kulisimamisha, na akina mama waliokuja na mitungi wakidhani maji yamefika ndio waliomkuta. Hospitalini walisema damu yake ilikuwa imepanda kwa miaka mingi, na kwamba mtu yeyote mwenye kipimo angeiona. Lakini nani angempima? Karatasi zake zote zilisema malaria.

Baada ya hapo sikumwandikia mtu malaria tena. Nilipoteza marafiki. Mutua alikaa mwaka mzima bila kunisalimu, na kwenye mikeka walianza kuzungumza Kisomali cha haraka nilipofika, wakijua cha polepole nakisikia. Ungedhani nilikuwa nimejifunza. Ila nilibakiza mgonjwa mmoja wa malaria, naye ni mimi.

Nilikuwa nimeanza kuona kiu ambayo maji hayaizimi. Nilikuwa nikiamka kwenda msalani mpaka mama yako akawa ananitania kwamba nimekuwa mlinzi. Herufi za daftari zilikuwa zikielea. Nilijiandikia kijikaratasi, nikajaza neno langu la siku zote, na daktari, kwa desturi niliyomfundisha mwenyewe, akanipa vidonge vya malaria. Nilivimeza. Nilipoona havisaidii nilikwenda kwa muuza dawa mmoja karibu na soko la mifugo, ambaye hakunijua, akanitoboa kidole. Alitazama kile kimashine, akakipiga kofi, akanitoboa tena. "Mzee," akasema, "wewe unatembeaje?"

Sikumwambia mtu. Mikataba yetu ilikuwa ikifanywa upya kila mwaka, na kulikuwa na uvumi kwamba wenye magonjwa ya kudumu hawarudishwi, kwa sababu ya ile michango ya bima ambayo mimi nilisaidia kuipandisha. Fikiria mahali nilipojiweka, mwanangu. Sikuweza kuacha kazi kwa kuwa nilihitaji bima. Sikuweza kuitumia bima kwa kuwa niliihofia kazi. Nani mwingine angemwajiri karani wa miaka hamsini mwenye sukari? Kurudi Meru nako hakukuwa kurudi. Ndugu yangu alikuwa ameotesha miraa hadi mlangoni pa nyumba ya bibi yako, na chumba changu kilikuwa ghala ya majani ya mgomba. Nilinunua vidonge kwa kificho, nikavificha kwenye droo chini ya mihuri, na nilivimeza nilipokumbuka.

Watu husema Garissa ni joto. Mimi nimeishi hapa miaka thelathini na mmoja, na nimesoma vitabu vingi chini ya bati hili kuliko ambavyo ningesoma popote, na naweza kukuambia kwamba joto mtu hulizoea. Nisichokizoea ni ile hali ya kukaa ndani ya uongo wenye mlango, kuuona mlango kila siku, na kila siku kuuona umesogea mbali kidogo.

Ijumaa nilikwenda kumwona Dubow. Nilimwambia unaondoka.

"Binti anakwenda kuwa karani?" akauliza. Maneno yake siku hizi hutoka upande mmoja.

"Anakwenda kuwa karani. Kiwanda kikubwa."

"Wallahi nimefurahi." Akausogeza mkono uliolala kwa ule mzima. "Mwambie asiwe mtu mzuri kama wewe."

Tulicheka, yeye kwa nusu ya mdomo. Nikamwuliza, baada ya miaka hii yote, kama ananilaumu. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Karani, mimi ndiyo nilisema andika. Wewe ulinipa nilichotaka. Rafiki ya kweli ingeninyima." Kisha akaniomba nimsogezee mto, na hatukulirudia.

Huko Thika pengine hakutakuwa na miraa ya lori. Kutakuwa na pombe ya wikendi, na viazi vya mafuta vya kila mchana, na wanawake wanaosimama zamu nzima kisha wanakwenda kufua nguo za watu, na wanaume wanaokesha wakitazama kamari kwenye simu. Watakuja mlangoni pako asubuhi wakishika kizingiti. Utawapenda, kwa kuwa wewe ni mtoto wangu na utakuwa mgeni. Sina kanuni ya kukupa. Najua tu kwamba swali nililopaswa kumwuliza Dubow halikuwa "niandike nini." Lilikuwa "kwa nini hukulala," na ningekaa chini nisikilize jibu, hata kama jibu lingekuwa refu na lingenihusu.

Nirudi kwenye fomu. Nimeifuta penseli yako, taratibu, karatasi isichubuke. Nimeandika kwa wino Ndiyo mahali pote pa Ndiyo, hata pale pa miraa na sigara. Najua maana yake. Huenda wakaniambia ningoje mwaka, huenda wakasema hapana moja kwa moja. Lakini kama ningepitisha kalamu juu ya mwandiko wako, siku yako ya kwanza kazini ungepeleka kijikaratasi kilichokwisha kujazwa uongo, kama vile vyangu, na kila dawa ambayo ingenifikia baadaye ingekuwa na jina lako chini yake. Watu wakija mlangoni pako, ungewanyima kwa mdomo gani?

Kuna swali moja wewe uliliruka, kwa sababu ukiandika Hapana halihitaji jibu. Linauliza: tangu lini. Mama yako anajua ni tangu mwaka ulipomaliza kidato cha nne, nilipokatwa kidole cha mguu nikatoka hospitalini nikamwambia, "Wameugundua leo." Si kweli. Yule muuza dawa alinitoboa kidole mwaka ulipoingia kidato cha kwanza. Miaka minne, Nkatha, mama yako alinikoroga chai na vijiko vitatu vya sukari, kwa mapenzi, kwa kuwa ndivyo nilivyoipenda, na mimi niliinywa mbele yake mpaka chini ili asiulize. Anaamini hadi leo kwamba ugonjwa ulinivamia ghafla. Hajui kwamba nilimshikisha kijiko.

Nimeandika mwaka wenyewe. Na fomu inataka sahihi ya mwenzi, naye alifundisha watoto wa darasa la kwanza maisha yake yote, hatii sahihi jambo asilolisoma hadi nukta.

Nasikia ameacha kuvuta kamba. Natoka kwenda uani sasa, na fomu mkononi, kabla hujarudi, maana jambo hili halipaswi kusemwa mbele ya mtoto, na wala sitaki mama yako alisome kabla hajalisikia kinywani mwangu. Barua hii nakuachia juu ya sanduku.

Ukirudi ukamkuta amenyamaza, usimbembeleze aseme. Kama ametia sahihi, ichukue fomu ilivyo. Kama hajatia, safiri bila fomu.

Baba yako